Taa za ziada za rivasi: Usalama wa mtoto nyuma ya pikapu

Katika nyumba nyingi zenye pikapu, mlio wa injini jioni ni tangazo. Mkubwa anakimbilia geti, wa kati anaacha daftari, na yule mdogo ambaye bado anatembea kwa kuyumba anatoka na kandambili za mama yake miguuni kwenda kumpokea baba. Dereva naye, akiwa na magunia ya mkaa au kreti za soda nyuma, anataka kuingiza gari kinyumenyume ili asubuhi atoke kwa urahisi. Anaweka gia ya rivasi, anatazama kioo cha kulia, anatazama cha kushoto. Katikati, nyuma ya bodi, hakuna anachokiona zaidi ya giza.

Mazungumzo ya usalama barabarani kwa kawaida huhusu mabasi ya mikoani, bodaboda na kona kali za milimani. Ni haki yake, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Lakini ua wa nyumbani hauna askari wa usalama barabarani wala alama ya kuvuka kwa miguu, na ajali inayotokea humo mara nyingi huishia kwenye simulizi za majirani bila kuingia katika hesabu za barabarani.

Mafundi umeme wa magari hupokea maombi ya kufunga taa za ziada za rivasi hasa kutoka kwa wenye shughuli za shambani na wasafirisha mizigo. Wengi huzitaka ili wasitumbukie mtaroni au kugonga nguzo ya geti. Sababu nyingine, ambayo haitajwi sana gereji, ni huyo mwenye kandambili kubwa.

Sheria yenye jina la mtoto

Nchini Marekani, hatari hii ilipata jina mwaka 2002. Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili wa New York, alifariki baada ya kukanyagwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao usiku. Aliyekuwa akiendesha ni baba yake mzazi, na baba huyo ni daktari wa watoto. Alitumia vioo, alitazama nyuma, na bado hakumwona mwanawe.

Familia hiyo iliungana na wazazi wengine waliofikwa na msiba wa aina hiyo kudai sheria. Sheria ikapitishwa ikiwa na jina la Cameron na kutiwa saini na Rais George W. Bush mwaka 2008. Utekelezaji ulichelewa kwa miaka mingi, na ni Mei 2018 tu ndipo kila gari jipya dogo, pamoja na pikapu, lilipolazimika kuwa na kamera ya nyuma kabla ya kuuzwa nchini humo. Wakati wa kuandaa kanuni hiyo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kuwa magari yanayorudi nyuma yalikuwa yakiua watu wapatao 210 kwa mwaka na kujeruhi wengine 15,000. Karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto chini ya miaka mitano, na zaidi ya robo walikuwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Kwa hiyo bibi anayevuka ua kwenda kuchota maji naye yumo katika hesabu.

Pikapu nyingi zinazotembea Tanzania na Kenya zilitengenezwa kabla ya sharti hilo, na nyingine hazikulengwa kabisa kwa soko la Marekani. Zina taa moja au mbili ndogo za rivasi, mara nyingi zikiwa na balbu ya wati 21, na kava la plastiki lililofubaa kwa jua na vumbi. Kwenye mtaa wenye taa za barabarani hiyo inaweza kutosha. Kwenye ua usio na taa, umeme ukiwa umekatika, balbu hiyo ni ya kumjulisha mtu aliye nyuma kwamba gari linarudi. Dereva mwenyewe hapati mwanga wa maana.

Kwa nini jicho halioni

Urefu wa mtoto wa miaka miwili ni chini kidogo ya sentimita 90. Bodi ya nyuma ya pikapu ikiwa imefungwa, ukingo wake wa juu uko juu ya kichwa cha mtoto huyo, na gari likiinuliwa springi kwa ajili ya barabara mbovu ndiyo kabisa. Ukiongeza mzigo unaoziba dirisha la nyuma, dereva anabaki na vioo vya pembeni, ambavyo kazi yake ni kuonyesha ubavu wa gari.

Kisha kuna mwendo. Gari linalorudi kwa kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, linapita karibu mita 1.4 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, gari limeshasogea mita mbili kabla breki haijaanza kushika. Mita mbili ni umbali wa kutoka mlango wa jikoni hadi kamba ya kuanikia nguo katika nyumba nyingi.

Jicho nalo lina mambo yake. Likitoka kwenye mwanga mkali, mfano taa za gari lililopishana nalo barabarani, huhitaji muda kuzoea giza. Kuzoea kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Dereva aliyeingia uani sasa hivi hajafika hata robo ya muda huo. Umri nao huongeza kikwazo. Mboni ya mtu mzima hupungua uwezo wa kutanuka gizani na lenzi ya jicho huanza ukungu, kwa hiyo baba wa miaka 60 anahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko kijana wake wa miaka 20 ili waone kitu kilekile. Vioo vyenye tinti humalizia kazi hiyo, na tinti kwenye dirisha la nyuma la pikapu ya kazi ni urembo usio na maelezo.

Taa ya ziada hairefushi jicho la dereva lipite ndani ya bati la bodi. Inachofanya ni kuangaza eneo la nyuma na pembeni kiasi kwamba kioo kinaonyesha kitu, kivuli cha mtu kinaonekana kikicheza ukutani, na mtu mzima aliyesimama uani anamwona mtoto mapema na kupiga kelele.

Kosa linalofanyika gereji

Njia ya mkato ambayo vijana wengi wa gereji huipenda ni kuchubua waya wa taa ya rivasi iliyopo, kuunganisha taa mpya juu yake, kuzungusha utepe mweusi na kumkabidhi mteja gari ndani ya dakika 20. Taa zinawaka na mteja anafurahi. Tatizo liko kwenye hesabu.

Balbu mbili za kiwandani za wati 21 hutumia jumla ya ampea 3.5 hivi kwenye umeme wa volti 12. Mwenye gari akiongeza taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja, anaongeza ampea 9 na ushee. Waya mwembamba uliotengenezwa kwa ajili ya ampea tatu na nusu sasa unabeba karibu 13. Fyuzi inaweza kukatika, na katika baadhi ya magari fyuzi hiyo hiyo inalinda indiketa au geji za dashibodi, kwa hiyo gari linaingia barabarani bila indiketa. Hiyo ndiyo afadhali. Mbaya zaidi ni fundi kuweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike, au kuifunga kwa kipande cha waya. Hapo waya ndio unaogeuka fyuzi: unapata moto, plastiki inayeyuka, na gari linaweza kuungua. Swichi ndogo iliyo kwenye gia boksi, ambayo ndiyo huwasha taa gia ya rivasi inapoingia, nayo huchomeka taratibu.

Taa za LED zimepunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. LED mbili ndogo za wati 9 kila moja hutumia ampea moja na nusu tu kwa pamoja, pungufu ya balbu moja ya kiwandani, na kwa magari mengi ya zamani zinaweza kuungwa kwenye waya uliopo bila madhara. Ila wateja wachache huridhika na ndogo. Taa ikishakuwa kubwa, jibu ni rilei.

Rilei inavyofanya kazi

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna koili ndogo inayotumia umeme kidogo sana, karibu sehemu ya tano ya ampea moja au pungufu, na koili hiyo ikipata umeme inavuta chuma kinachofunga njia ya umeme mkubwa. Kwa mfano wa nyumbani, mtoto anamwita kaka yake mkubwa aje kubeba ndoo: mtoto ametoa sauti tu, mzigo umebebwa na mwingine.

Rilei ya kawaida ya gari ina miguu yenye namba, na mzazi anayesimama gereji akizijua namba hizo hawezi kudanganywa. Mguu namba 30 hupokea umeme wa moja kwa moja kutoka chanya ya betri, ukiwa umepitia kwenye fyuzi. Namba 87 hupeleka umeme huo kwenye taa mpya. Namba 86 huungwa kwenye waya wa taa ya rivasi ya kiwandani, ambao sasa kazi yake ni kutoa ishara tu. Namba 85 huenda kwenye bodi ya gari, yaani hasi. Dereva akiweka rivasi, taa ya zamani inawaka, koili inapata ishara, njia kati ya 30 na 87 inafunga na taa mpya zinawaka. Akitoa rivasi, zote zinazimika.

Kazi huanza kwa kutoa waya wa hasi wa betri. Fundi huurudisha kwa muda mfupi pale tu anapotafuta waya wa ishara. Waya huo hupatikana nyuma ya taa ya mkia: swichi ya gari inawashwa bila kuwasha injini, breki ya mkono inavutwa, matairi yanawekewa mawe, gia inawekwa rivasi, na taa ya kujaribia inagusishwa kwenye waya mmoja mmoja. Waya unaopata umeme rivasi inapoingia na kuukosa inapotoka ndio wenyewe. Kukisia kwa rangi ni bahati nasibu, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana na gari lililotumika huenda limepita mikononi mwa mafundi watano.

Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi umbali wa shubiri moja. Sababu ni kwamba kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka na kugusa bati, hakuna cha kukizima. Ukubwa wa fyuzi hutokana na matumizi: LED mbili za wati 18 hutumia ampea 3, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Zile halojeni mbili za wati 55 zinahitaji fyuzi ya ampea 15, na waya wa milimita za mraba 2.5 kwa urefu wa pikapu. Fundi anayetoa waya wa redio kwa kazi hiyo arudishiwe waya wake.

Njia ya waya inataka subira kuliko kitu kingine chochote. Unapita juu ya fremu ya gari, mbali na ekzosi, mbali na propela shafti na mbali na springi zinazopanda na kushuka. Unaingizwa ndani ya mpira wa mikunjo na kufungwa kila baada ya mkono mmoja hivi. Unapopita kwenye tundu la bati, tundu hilo huwekewa mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara ya vumbi utaukata kama msumeno. Maungio hubanwa kwa viunganishi au kulehemiwa, kisha kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe mweusi peke yake huachia gundi wakati wa joto na kuingiza maji wakati wa masika.

Waya wa hasi ndio hudharauliwa, na ndio chanzo cha taa nyingi zinazowaka leo na kufifia kesho. Mahali unapofungwa bolti panakwanguliwa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, bolti inakazwa, kisha panapakwa grisi kuzuia kutu mpya.

Baadhi ya madereva hutaka pia swichi ya dashibodi ili wawashe taa hizo bila kuweka rivasi, labda kwa kupakia mzigo usiku. Ni matumizi ya halali, ila swichi hiyo iwe na kitaa kidogo kinachomkumbusha dereva kwamba zinawaka. Taa nyeupe nyuma ya gari linalokwenda mbele humpofusha anayefuata na kumdanganya kwamba gari linarudi. Kwa mwendesha bodaboda aliye nyuma hilo si jambo dogo.

Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kununua. Kwanza, volti: pikapu nyingi ni volti 12 lakini malori, na baadhi ya magari makubwa ya dizeli, hutumia 24. LED nyingi huandikwa 10 hadi 30, maana yake zinafaa kote. Pili, gari jipya ambalo kompyuta yake hukagua balbu linaweza kulalamika likiona mabadiliko. Hilo lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kulisoma.

Mikono ya fundi nayo ni afya

Pete ya ndoa na saa ya chuma vivuliwe kabla boneti halijafunguliwa. Spana ikigusa chanya upande mmoja na pete upande wa pili huku mkono ukiwa kwenye bati, umeme mwingi hupita kwenye pete na kuifanya nyekundu kwa sekunde chache, ikiwa bado kidoleni. Volti 12 haimpigi mtu shoti kama umeme wa ukutani, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wazembee. Betri nayo hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo sigara na cheche vikae mbali.

Aliyeungua apooze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na pete itolewe mapema kabla kidole hakijavimba. Dawa ya meno, mafuta ya kula na yai havina kazi hapo. Tindikali ya betri ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi bila kusita, kope zikiwa zimefunguliwa, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Zinawekwa wapi

Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufungaji wa taa za magari, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka taa ya rivasi iwe nyeupe na iwe kati ya sentimita 25 na 120 kutoka ardhini. Kwa pikapu, hapo ni kwenye bampa au chini yake, pande mbili za kibao cha namba. Mlango wa bodi ya nyuma haufai, maana ukishushwa taa zinatazama chini na waya unakunjwa kila siku mpaka unakatika.

Taa zielekezwe ardhini, mwanga mkali uanzie karibu na bampa na kufifia mita nane hadi kumi nyuma. Zikielekezwa kidogo nje, moja kulia na moja kushoto, zitaonyesha pia mtaro na kona ya ukuta. Marekebisho yafanywe gari likiwa na mzigo wa kawaida, kwa kuwa pikapu iliyopakiwa hukaa nyuma, na taa zilizokuwa zinaangaza hadi getini huishia kuangaza matairi.

Zile taa ndefu zenye nukta 40 za LED ambazo huonekana kwenye pikapu za mjini ni maonyesho zaidi. Mwanga ukizidi hurudi kwenye vioo kutoka ukutani na kumpofusha dereva mwenyewe. Wati 18 kila upande kwa ua wa kawaida ni nyingi tayari. Kilicho muhimu zaidi ya wati ni alama ya IP67, inayomaanisha kifaa hakiingizi vumbi na kinaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa.

Waya huo huo wa ishara unaweza kuwasha kengele ya rivasi, na kwa familia yenye watoto kengele ni nyongeza nzuri. Ila mtoto mdogo hajui maana ya mlio. Wengine huufuata kwa sababu unafurahisha. Kamera ya nyuma ni bora kuliko vyote viwili, kwa kuwa ndiyo pekee inayopita nyuma ya bati, lakini kamera ya bei rahisi kwenye giza huonyesha chengachenga. Taa na kamera vinahitajiana.

Mwenye watoto aseme

Malori yana utingo anayeruka chini na kuita "njoo, njoo, kata kulia, simama!" Pikapu ya nyumbani haina utingo, na hapo ndipo familia inapaswa kukubaliana. Utaratibu ulio rahisi ni huu: gari haliwekwi rivasi uani mpaka mtu mzima mmoja aliye nje ahesabu watoto kwa sauti na kuwa amewashika wadogo mikono au kuwafungia ndani. Dereva anashusha kioo na kuzima redio ili aisikie hesabu hiyo. Asipoisikia, anashuka na kuzunguka gari kwa miguu. Baba akifika peke yake usiku, apige honi fupi na kungoja nje ya geti mtu atoke. Majirani watanung'unika siku mbili tatu, kisha watazoea.

Asubuhi kuna hatari ya aina yake, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa abaki huwa analia sebuleni na baada ya dakika hayupo tena sebuleni. Dada wa kazi aambiwe utaratibu huu siku ya kwanza, sawa na anavyoonyeshwa jiko la gesi.

Ikiwa ajali imetokea, gari lisisogezwe hata inchi moja mpaka mtu aliyechungulia chini aseme mtoto yuko wapi. Mtoto asinyanyuliwe kwa mikono wala kutikiswa. Kichwa na shingo vishikwe visigeuke, damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi kinachobanwa, na usafiri utafutwe. Jambo ambalo wazazi hulikosea ni kumwona mtoto amesimama na kuacha kulia, kisha kumlaza. Mbavu za mtoto ni laini na hujikunja bila kuvunjika, kwa hiyo tairi linaweza kuacha alama ndogo ya vumbi kwenye fulana huku ini au bandama likivuja damu ndani. Kila mtoto aliyekanyagwa au kubanwa na gari, hata kwa mwendo wa pole, anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, tumbo kuwa gumu, kupauka au mkojo wenye damu ni sababu ya kukimbia.

Kipimo cha ndoo

Kazi ya fundi haikaguliwi mchana gereji. Inakaguliwa usiku, nyumbani, taa za nje zikiwa zimezimwa. Watoto wakiwa ndani, ndoo ya lita 20 inawekwa juu ya kigoda mpaka ifikie kimo cha mdogo wa nyumba hiyo, nyuma ya gari lililosimama, injini ikiwa imezimwa na breki ya mkono imevutwa. Dereva anakaa kwenye kiti, anaweka rivasi na kuwasha swichi, huku mwingine akiirudisha ndoo nyuma hatua moja moja mpaka dereva aseme ameiona kwenye kioo. Hatua hizo zihesabiwe. Baadaye ndoo isogezwe kushoto na kulia, kisha jaribio lirudiwe gari likiwa na mzigo. Mama naye akae kwenye kiti cha dereva aone mwenyewe kilichofichika, hata kama hana leseni.

Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi, jaribio hilo litatoa jibu tofauti, kwa sababu lenzi zilizo chini ya bampa huvaa tope haraka kuliko taa nyingine yoyote. Kitambaa chenye maji kinatosha. Kazi hiyo anaweza kupewa mtoto mkubwa kila Jumamosi, gari likiwa limezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwa mama.